Mpira wa Stepu: Nani Alitengenezewa, Nani Alikanyaga

Mtajie msee wa Eastlands neno stepu na kichwani anaona mlango wa mathree. Konda ameweka mguu mmoja ndani, mwingine uko hewani, mkono umeshika chuma cha juu, na gari inatoka Jogoo Road kuingia steji bila kusimama kabisa. Hiyo ndiyo stepu tunayoijua sisi. Lakini stepu ya gari ina umri mkubwa kuliko matatu, na leo nataka tuifuate kupitia kitu kidogo ambacho hakuna mtu hukiangalia: ule mkeka wa mpira unaolazwa juu yake.

Chukua picha ya gari yoyote ya miaka ya 1920. Kati ya madigadi ya mbele na ya nyuma, chini ya milango, kuna ubao mrefu umelala ubavuni mwa gari kama baraza ya nyumba. Hiyo ndiyo stepu ya asili. Ilirithiwa kutoka kwa magari ya kukokotwa na farasi na ilikuwa na sababu zake. Magurudumu yalikuwa makubwa, kiti kiko juu, barabara ni vumbi au tope, na abiria amevaa gauni refu au viatu vya ngozi. Huwezi kuruka kutoka chini hadi kitini na heshima zako. Unakanyaga stepu kwanza, unakung'uta miguu, ndipo unaingia.

Sasa stepu ikikanyagwa na viatu vyenye misumari, siku mbili tatu rangi imekwisha. Ndiyo maana ilifunikwa. Wengine walitumia ubao uliofunikwa kwa linoliamu, ile inayotandazwa sakafuni. Ford Model T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kupita milioni 15, iliishia kuwa na stepu ya chuma kilichokandamizwa hadi kikatoa vipele na jina la kampuni. Ford Model A iliyofuata, ya 1928 hadi 1931, ilikuja na mpira wenye mistari, umezungushiwa ukingo wa chuma kinachong'aa. Matajiri walinunua vibao vidogo vya shaba au alumini vyenye mpira katikati, vinavyofungwa kwa skrubu pale tu unyayo unapotua, ili stepu yote ibaki safi kama sahani ya wageni.

Kwa hivyo mkeka huo ulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, mguu usiteleze. Ya pili, rangi isichubuke. Maoni yangu ni kwamba ukitaka kujua gari ilitengenezewa nani, uliza ni kazi gani kati ya hizo mbili ilipewa uzito. Kwa gari ya bwana, mkeka unakinga gari dhidi ya miguu. Kwa gari ya abiria, mkeka unafaa kukinga mguu dhidi ya gari. Nairobi imeishi na majibu yote mawili, na mara nyingi yaligawanywa na reli.

Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Wazungu walipanda magharibi na kaskazini, kwenye vilima vya udongo mwekundu unaonyonya maji. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye tambarare. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika. Kariokor ilibaki na jina la wale wapagazi wa vita vya kwanza, Carrier Corps. Baadaye zikaja Shauri Moyo, Makongeni ya wafanyakazi wa reli, Kaloleni, Ziwani, na ile safu ndefu ya mitaa inayoshuka hadi Jericho. Na huku chini udongo ni ule mweusi, wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Kama umekulia huku hauhitaji mwanajiolojia. Ukitembea hatua kumi wakati wa masika unaongezeka kimo, kwa sababu nusu ya mtaa imekuja nawe chini ya kiatu.

Basi fikiria. Watu ambao miguu yao ilibeba tope zito zaidi jijini ndio waliokuwa na stepu chache zaidi za kukanyaga.

Walikuwa na gari, lakini kwa njia nyingine. Angalia picha za safari za uwindaji za enzi hiyo: mabwana wako mbele na watumishi wamekaa juu ya mizigo nyuma. Kulikuwa na neno la kazi hiyo, nalo bado liko kwenye kamusi: taniboi. Mtu wa kushuka gari ikikwama, kusukuma, kuweka jiwe chini ya gurudumu, kisha kudandia gari ikishaanza kwenda. Neno lenyewe limebeba "boi" ndani yake, hata kama aliyeitwa hivyo alikuwa na wajukuu. Stepu ya huyu mtu haikuwa mahali pa kupitia kuelekea kitini. Ilikuwa kiti chenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo napenda kuwakumbusha wanaodhani kuunda bodi za magari Nairobi kulianza na nganya. Walowezi wengi hawakununua gari kamili. Walichukua mbele ya gari na chesesi, kisha nyuma ikajengewa sanduku la mbao hapa hapa, mara nyingi na mafundi Wahindi. Waliita gari hizo box body. Nyuma unabeba mbegu, mbwa, ng'ombe mgonjwa, wafanyakazi. Stepu yake ilikuwa ya kazi, na kama kilikuwapo cha kuifunika, kilikuwa chochote kilichopatikana. Kumbukeni hiyo box body, nitairudia.

Ngoja kidogo tuongee kuhusu mpira wenyewe, maana hautoki hewani. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukichemsha mpira na salfa haunati tena joto likipanda wala haukauki ukavunjika baridi ikija. Bila hiyo hakuna tairi na hakuna mkeka wa stepu. Dunlop akaleta tairi ya upepo 1888, baiskeli zikatapakaa, gari zikafuata, na dunia ikataka mpira kama wazimu. Sehemu ya mpira wa porini ilitoka Kongo ya Mfalme Leopold, ambako watu walilazimishwa kuukusanya kwa bunduki na kiboko, wengine wakakatwa mikono, hadi Ubelgiji ilipochukua nchi ile mikononi mwake mwaka 1908. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walipanda mashamba ya mipira kule Tanga, nayo yakaanguka bei iliposhuka mwaka 1913 kwa sababu ya mpira wa Malaya. Ile Ford Model A yenye mkeka mzuri ilikuja baada ya hayo yote. Mkeka ulikuwa safi. Njia ulikopitia mpira haikuwa safi.

Turudi Nairobi. Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza 1934. Kwa mara ya kwanza mtu wa Eastlands alikuwa na stepu ya kulipia, yake kwa muda wa safari. Na stepu hiyo ikawa siasa haraka sana. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Mau Mau walitangaza mgomo na Waafrika wa Nairobi wakaacha kupanda mabasi. Watu walitembea kutoka mitaa ya mashariki hadi kazini na kurudi, kwa tope lile lile, au wakaendesha baiskeli. Kukanyaga stepu ya basi kulikuwa kunaonyesha uko upande gani. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, na wakazi wengi wa mitaa hii wakapandishwa malori bila kuulizwa kama wanataka kusafiri.

Baada ya uhuru gari moja ilileta ile stepu ya zamani hadi mlangoni petu: Volkswagen ya mgongo wa kobe. Gari nyingine zilikuwa zimeacha stepu. Tangu mwisho wa miaka ya 1930 na kuendelea, bodi zilipanuliwa na kushushwa hadi zikaimeza. Volkswagen hiyo haikuiacha. Ilibaki nayo hadi ile ya mwisho ilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na juu yake mpira wenye mistari. Huku kwetu ilikuwa imejijengea jina kwenye Safari Rally, mbio zilizoanza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na ikashinda tena mwaka 1962 kwenye tope ambalo lilimeza gari za bei kubwa. Kwa hivyo mwalimu au karani aliyeweka akiba akanunua moja ya mitumba hakuwa mjinga. Buruburu ilipojengwa miaka ya 1970 kwa watu wa tabaka la kati, gari za namna hiyo zilikuwa na mahali pa kulala.

Na hapa ndipo mkeka wa stepu uligeuka kuwa kazi ya fundi wetu. Stepu ya Volkswagen ni bati jembamba, na mpira umegandishwa juu yake. Jua la Nairobi linaukausha, mpira unapasuka nyufa ndogo ndogo, maji yanaingia chini na hayatoki. Wewe kwa juu unaona mkeka mweusi, msafi, umepakwa hata mafuta ya kung'arisha. Huku chini bati linaliwa. Kutu ikimaliza stepu inaingia kwenye ile mifereji ya pembeni ambayo stepu imefungiwa, na hapo si mkeka tena, ni sakafu ya gari nzima. Kile kitu kilichowekwa kulinda ndicho kinachoficha ugonjwa.

Lakini Eastlands haikuishi kwa Volkswagen. Iliishi kwa matatu.

Hadithi ya jina mnaijua: senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi, ambazo Wakikuyu waliita mang'otore matatu. Zilikuwa gari za kuvizia, maana mwaka 1966 Kenya Bus Service ilipewa haki ya peke yake ya kubeba abiria jijini, nayo City Council ikapata robo ya hisa. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta akatamka kwamba matatu ziruhusiwe kubeba watu bila ile leseni ya mabasi. Na gari zenyewe zilikuwa nini? Pikapu, zikiwemo Peugeot 404, zilizojengewa kibanda nyuma, benchi mbili za mbao zikitazamana na mlango wa nyuma. Yaani ni box body ile ile! Tofauti ni kwamba sasa waliokaa nyuma ndio waliolipa. Na nyuma kabisa, chini ya mlango, kipande cha chuma kimechomelewa. Stepu. Juu yake makanga.

Kwa maoni yangu huyu makanga ni mjukuu wa taniboi. Mahali pake pa kazi ni pale pale, nje ya gari, na ujuzi wake ni ule ule wa kudandia. Kilichobadilika ni kwamba yeye ndiye anashika pesa.

Chini ya mguu wake kulikuwa na nini? Chuma tupu mara nyingi, au kipande cha tairi kuukuu kilichopigwa misumari. Na akiwa amevaa akala, basi ni tairi imekanyaga tairi. Mnacheka, lakini hiyo ndiyo breki bora zaidi aliyokuwa nayo. Mpira juu ya mpira hauendi popote, hata mvua ikinyesha. Shida huja tope la mfinyanzi likiingia katikati. Hapo unakuwa umesimama kwenye sabuni.

Hiyo tairi ilikatwa wapi? Gikomba, Kamukunji, Kariokor, na baadaye Kariobangi Light Industries. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya, na ripoti hiyo ikalifanya jina la sekta isiyo rasmi lijulikane dunia nzima. Mwaka 1977 Kenneth King akachapisha kitabu, The African Artisan, akionyesha jinsi ujuzi ulivyotoka kwenye karakana za Wahindi ukaenda kwa Waafrika waliofanya kazi humo, kisha wakatoka wakajitegemea chini ya jua. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji akaona mafundi wanavyofanya kazi bila paa, na vibanda vikafuata. Nawatajia hizi tarehe kwa sababu watu husema jua kali ilizuka tu kama uyoga. Haikuzuka. Fundi anayepima mkeka wa stepu leo anatumia mkono uliofundishwa na mkono mwingine, hadi kwa yule seremala wa box body.

Na kazi yenyewe ina akili. Tairi za zamani zilikuwa na nyuzi za nailoni ndani, kisu kinapita. Za siku hizi zina waya wa chuma chini ya vile vidole vya tairi, na huo waya ukitokeza unachana kiatu na mguu. Kwa hivyo fundi mzuri hukwepa sehemu ya kukanyaga na kuchukua ubavu wa tairi, mlaini na usio na waya mwingi. Kisu anakichovya kwenye maji kila mara, maana mpira mkavu unakishika. Anabandua tabaka hadi unene unaotakiwa, anachora mistari kwa kisu ili maji na tope vipate pa kupitia, anaukata ukubwa wa stepu. Wengine wameenda kwa bati la alumini lenye vipele, linapendeza na ndilo nganya nyingi zinalipenda, hasa likiwekewa taa chini. Mimi sina shida na urembo. Lakini alumini ikilala moja kwa moja juu ya chuma na maji ya mvua yakaingia katikati, hiyo alumini ndiyo inayoliwa haraka zaidi. Na vile vipele vikishalainishwa na maelfu ya viatu, pale katikati ambapo kila mtu anakanyaga, panateleza kuliko chuma cha kawaida.

Mwaka 2004, Februari, sheria za Michuki zikaanza kufanya kazi. Mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, sare za dereva na kondakta, abiria 14 kwa Nissan. Kuning'inia mlangoni kukawa kosa la kukimbizwa na polisi. Nilikuwa mdogo sana kwa hayo, lakini matokeo tunaishi nayo: kwa muda makondakta waliingia ndani, kisha wakarudi stepuni pole pole, kwa sababu biashara ya matatu inalipa anayeshuka kwanza na kuita abiria kwanza. Unaweza kumwambia konda asisimame pale. Mwenye gari anataka hesabu ya siku, na hesabu iko pale.

Hapa ndipo nina ugomvi. Tangu 1970, kilabu cha wenye Alfa Romeo huandaa Concours d'Elegance, kwa miaka mingi sasa pale uwanja wa farasi wa Ngong Road. Ni siku nzuri, na ningewashauri mwende. Gari za zamani zinapigwa brashi hadi chini ya tumbo, na majaji wanainama kutafuta vumbi. Stepu ya gari ya miaka 90 inaweza kuwa na mkeka uliopangwa mstari kwa mstari, na hakuna kiatu kinachoruhusiwa kuugusa. Sina wivu. Kutunza kitu cha zamani ni heshima. Kinachoniuma ni kwamba siku hiyo hiyo, upande wa pili wa mji, mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la sukuma wiki anashuka mathree kwenye mvua kupitia chuma kilicholainika kama kijiko, na hakuna jaji anayeinama kukiangalia. Mjini tunaye mtu wa kuukata mpira huo. Tairi zimejaa. Gari inayotiwa rangi mpya, skrini na spika za kutingisha mbavu haikosi pesa ya futi mbili za mpira.

Mimi nasema ukaguzi wa matatu uanzie chini. Kabla ya kuuliza ukubwa wa maandishi ya mstari wa manjano, mkaguzi aweke kiatu chenye tope kwenye stepu na asukume. Kikiteleza, gari irudi gereji. Na saccos, ambazo zinajua kutoza konda faini kwa kukosa sare, zinaweza kutoza mwenye gari faini kwa stepu tupu.

Kwa mwenye gari anayesoma hii, iwe ni nganya au Volkswagen ya babu: toa mkeka wa zamani wote, usibandike mpya juu yake. Piga kutu brashi ya waya hadi uone chuma cheupe, paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa. Toboa matundu mawili matatu upande wa chini wa stepu ili maji yatoke, na utoboe mkeka pale pale. Usijaze gundi kote, acha njia za maji, funga kingo kwa riveti au ukanda wa chuma, na kichwa cha riveti kisizidi mpira kwa urefu. Ikiwa ni Volkswagen, angalia pia zile boliti zinazoshika stepu kwenye madigadi na vile vipande vya mpira vilivyo katikati. Kisha masika yakianza, inua kona moja ya mkeka uone.